"Umezaliwa mara ya pili lini?" Swali lililoulizwa msibani Old Moshi, naomba tulijadili kwa utulivu

#1 Kihamba Tatu (mtoa mada)

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za saa hizi.

Wiki iliyopita nilipanda Kidia, huko Old Moshi, kumzika mama mmoja wa ukoo. Tumekaa migombani tunasubiri mwili utolewe ndani, kijana mmoja mwenye tai, wa upande wa wakwe, akaanza kuwapitia wazee mmoja mmoja. "Mzee, umezaliwa mara ya pili?" Anayesema ndiyo anaongezewa: "Lini? Tarehe unaikumbuka?" Mzee wetu mmoja, miaka themanini na ushee, msharika tangu anabebwa mgongoni, akamjibu: "Nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimefunga ndoa kanisani, sijawahi kutengwa. Unataka nini tena?" Kijana akatabasamu kwa huruma, ile huruma inayoudhi, akasema, "Hiyo ni dini, mzee wangu. Mimi nauliza wokovu."

Mzee akanyamaza, akaendelea kuchonga kijiti chake. Mimi nikashuka mjini na lile swali, maana kusema kweli mimi nina majibu matatu, na mtu mwenye majibu matatu kwa swali la siku ya kuzaliwa ana tatizo.

La kwanza ni kidato cha tatu, kwenye kongamano la UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, usiku, wengi tunalia, mimi pia nalia bila kujua nalia nini. La pili ni mkutano wa injili uwanja wa Mashujaa hapa Moshi, nilikuwa nimeanza kazi, nikapita mbele, nikaongozwa sala ya toba, nikaandikwa jina na namba ya simu kwenye daftari. La tatu ni 2016, mkesha Arusha, nilikuwa na jambo langu linanikaba. Mara zote tatu mhubiri alinishika kichwa akatangaza kwamba leo nimezaliwa upya. Na kabla ya zote, nilibatizwa nikiwa na miezi miwili, KKKT, yaani kwa Walutheri, na cheti ninacho. Sasa ipi ndiyo yenyewe?

Nianze na maandiko, maana tukianza na madhehebu tutashikana mashati kabla ya ukurasa wa pili.

Yohana 3. Nikodemo, Farisayo, mkubwa wa Wayahudi, anamwendea Yesu usiku. Anaambiwa: "Mtu asipozaliwa mara ya pili, hawezi kuuona ufalme wa Mungu." Neno la Kiyunani pale ni *anothen*, nalo lina maana mbili, "tena" na "kutoka juu". Biblia yetu ya Kiswahili, tafsiri ya Union, imechukua "mara ya pili". Lakini shuka mpaka mstari wa 31, neno hilohilo limewekwa "kutoka juu": "Yeye ajaye kutoka juu, huyo yu juu ya yote." Pazia la hekalu lililopasuka "toka juu hata chini" kwenye Mathayo 27, ni hilohilo. Nikodemo alishika maana ya kuhesabu, ndiyo maana akauliza habari za mzee kurudi tumboni mwa mamaye. Sisi nasi tumeishika hiyohiyo, tunahesabu, na mimi nimeshafika ya nne! Ukisoma "kutoka juu" unaacha kuuliza lini, unauliza nani amezaa.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Kuzaliwa ni kutendewa. Hakuna mtu aliyejizaa, na hakuna aliyesaidia kusukuma siku yake mwenyewe. Ila "nimeokoka" tunaitamka kama mtu aliyeruka kwenye Hiace kabla haijapinduka, ujanja wake mwenyewe. Paulo anawaambia Waefeso "mmeokolewa kwa neema", yaani kuna aliyewaokoa. Mimi nadhani sehemu kubwa ya ugomvi wetu Kilimanjaro hii imekaa hapo.

Karibuni. Matusi hapana.

#2 Mama Wawili

Nimeweka kiti. Chai naleta.

#3 Fundi Pasua

Bwana Yesu asifiwe.

Mtoa mada, umeandika vizuri lakini umeanza kutupunja. Mimi ni fundi magari, nipo Pasua, sina Kiyunani, ila Biblia ninayo. Matendo 16, mlinzi wa gereza anaambiwa: "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." UTAOKOKA, siyo utaokolewa. Kwa hiyo hilo neno siyo la walokole wa Pasua, ni la Biblia hiyohiyo ya Union uliyoishika. Usijenge imani juu ya kauli za vitenzi.

Pili. Unatania tarehe kwa sababu wewe huna ya kukumbuka. Mimi ninayo. Kabla ya siku ile nilikuwa naanza na viroba vya pombe kali saa mbili asubuhi, vile vilivyokuja kupigwa marufuku 2017. Spana ikinitetemeka mkononi, naongeza kingine ndipo mkono unatulia. Mke alishaondoka na watoto, amerudi kwao Mwika. Nilikuwa nimelala chini ya gari la mteja, nasikia mahubiri kwa redio ya jirani, siyo mkutano, siyo kinanda, redio tu na matope mgongoni. Nikalia palepale chini ya gari. Niliporudi nyumbani kiroba kilikuwa mfukoni na sikukitaka. Sasa uje uniambie hilo lilifanyika nikiwa na miezi miwili kwa sababu kuna cheti?

Na mimi pia nilibatizwa mtoto. Wauza viroba wengi hapa wamebatizwa. Simoni yule mchawi wa Samaria, Matendo 8, aliamini akabatizwa, halafu Petro anamwambia moyo wako si mnyofu mbele za Mungu. Kornelio, sura ya 10, Roho alimshukia KABLA ya maji. Mnyang'anyi msalabani hakupata hata tone. Maji hayazai mtu.

#4 Binti Kilema

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi Mkatoliki, naomba nisiitwe mtu wa dini tu. Fundi, ushuhuda wako umenitoa machozi kweli, lakini umeruka mstari. Yesu alipoona Nikodemo haelewi, alifafanua mwenyewe: "Mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho." Maji yametajwa. Paulo kwa Tito 3:5 anasema Mungu alituokoa "kwa kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili na kufanywa upya na Roho Mtakatifu". Kuoshwa. Na siyo sisi tulioanza kusoma hivyo juzi, Yustino shahidi katika karne ya 2 anaeleza jinsi waamini wapya walivyopelekwa penye maji wakazaliwa upya, na anataja maneno haya haya ya Yohana 3.

Nenda kanisani mkesha wa Pasaka, taa zimezimwa, mshumaa mmoja unaingia, wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, wamesimama mlangoni na mashuka meupe yanawasubiri. Kisima cha ubatizo kwetu ni tumbo la mama. Kaburi pia, maana Warumi 6 inasema tulizikwa pamoja naye kwa ubatizo.

Kwa watoto wachanga: mtoto hajui anachopewa, sawa. Lakini hata jina la ukoo hakuliomba, na hakuna aliyewahi kulirudisha eti alikuwa amelala siku anapewa.

Hao wa Samaria na Kornelio: Kornelio baada ya kushukiwa na Roho, Petro alifanya nini? Aliagiza wabatizwe. Hakusema basi inatosha.

#5 Kihamba Tatu (mtoa mada)

Fundi, hapo kwenye "utaokoka" umenibana, nakubali. Na Mathayo 24 ipo, "mwenye kuvumilia hata mwisho, ndiye atakayeokoka." Nilikata kona.

Ila nisaidieni jambo moja. Sisi Walutheri tuko katikati na tunapigwa pande zote. Katekisimo Ndogo ya Luther, ya 1529, ile tuliyokariri kwa fimbo kabla ya kipaimara, inafundisha kuwa ubatizo ni maji ya kuzaliwa upya, sawasawa na Binti Kilema. Lakini inaendelea, na hapa ndipo wengi tulikuwa tumesinzia: maana ya kuzamishwa huko ni kwamba Adamu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku kwa toba, na kila siku mtu mpya afufuke. Kila siku! Kwa hiyo ukimuuliza Mlutheri anayekijua kitabu chake "lini", jibu lake halali ni "leo asubuhi".

Tatizo ni kwamba hatukulijua hilo. Kwetu kipaimara kilikuwa mahafali: suti, picha, mbuzi, kwaheri mchungaji. Yule mzee wa msibani alipotoa orodha yake, ubatizo, kipaimara, ndoa, kutotengwa, nilimwonea uchungu lakini pia niliona ni orodha ya mtu anayeonyesha risiti.

Binti Kilema, hilo la ukoo nimelipenda. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekuwa Old Moshi hadi 1938, alikomaa sana na jambo hilo: ukoo, ujirani, rika. Kwake Mchaga hakuvutwa peke yake kama jino, alikuja na watu wake. Wenzake wengine walimwona anauweka ukoo juu mno. Lakini kweli mtoto hazaliwi hewani, anaangukia kwenye mikono ya watu.

#6 Njoro Barazani

Assalaam alaykum wadau. Mimi Muislamu, nasoma tu kwa faida. Kwetu mtoto huzaliwa katika fitra, yuko safi, hivyo hili la kuzaliwa tena huwa linanipa taabu kulielewa. Swali langu dogo: kama mtu amezaliwa upya halafu akarudia viroba, amekufa? Anazaliwa mara ya tatu?

#7 Fundi Pasua

Karibu sana ndugu yangu wa Njoro. Huyo tunasema amerudi nyuma, hajafa. Mwana mpotevu alipokuwa kwa nguruwe bado alikuwa mwana. Ila kwenye makanisa yetu hata sisi kwa sisi hatukubaliani hapo, nisikudanganye. Kuna wanaosema aliyezaliwa kweli hawezi kupotea kabisa, na wapo wanaosema anaweza.

#8 Msafiri wa Ngaramtoni

Salaam kutoka Arusha, baridi ya huku leo siyo ya mchezo.

Naongeza kisa kimoja kwa ajili ya Fundi na mtoa mada, wote kitawafaa. John Wesley, Mwingereza, alipewa upadre wa Kianglikana mwaka 1728. Alifunga, alisali, alitembelea wafungwa, akavuka bahari kwenda Georgia kuhubiri. Akarudi amekata tamaa. Tarehe 24 Mei 1738 akaenda, bila hamu, kwenye kikundi mtaa wa Aldersgate, London. Mtu anasoma utangulizi wa Luther kwa Warumi. Saa tatu kasoro robo usiku, kwa saa zetu, akasikia moyo wake umepata joto la ajabu, akajua Kristo amemwondolea dhambi zake, yeye hasa. Aliandika mpaka dakika.

Kwa hiyo Fundi, unaye mwenzako mwenye tarehe. Na mtoa mada, ona: aliyemwasha Wesley ni Luther wako.

Baadaye Wesley alitenganisha mambo mawili ambayo mikutano yetu inayachanganya. Kuhesabiwa haki ni Mungu kubadilisha hali yako mbele zake, umesamehewa. Kuzaliwa upya ni Mungu kukubadilisha wewe ndani. Vinakuja pamoja lakini si kitu kimoja. Hakimu anaweza kukuachia huru saa hii, na ukatoka mahakamani na vidole vilevile.

Wale wa mkondo wa Calvin nao wanasema lazima uzaliwe kwanza ndipo uweze kuamini, maana maiti haiinui mkono. Wa Wesley wanasema unaamini ndipo unazaliwa. Hapo watu wamegombana miaka mia kadhaa, sisi tupite.

Cha huku kwetu: Umasaini kuna ugonjwa wa roho unaitwa orpeko, umewapata wanawake zaidi, na tangu zamani dawa iliyojulikana kijijini ilikuwa ubatizo. Akina mama waliingia kanisani kwa wingi kwa mlango huo, waume wakabaki nje na ng'ombe wao. Mama mmoja jirani yangu ukimuuliza lini alizaliwa upya, hakutajii dhambi kabisa. Anasema, "siku nilipolala usingizi."

#9 Kinanda Kimezima

Mimi nimezaliwa upya mara saba, kila kinanda kikipigwa taratibu na mhubiri akisema "kuna mtu mmoja hapa". Huyo mtu mmoja huwa ni mimi.

#10 Mama Wawili

😂😂 Na mimi. Ila mtoa mada, kuna jambo umeliacha. Fundi ametaja walokole. Hilo jina limetoka wapi, maana bibi yangu Marangu alikuwa analitumia kabla hata makanisa haya ya maturubai hayajaja?

#11 Kihamba Tatu (mtoa mada)

Mama Wawili, umenirahisishia, maana nilitaka kufika hapo.

Neno limetoka Kiganda, *balokole*, waliookolewa. Ni watu wa ule Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka miaka ya 1930 pale Gahini, Rwanda, na Uganda, ukavuka kuja kwetu kupitia Bukoba. Miaka ya 1950 ulikuwa umeshapanda mlima. Watu wake waliitana ndugu. Tofauti na leo, hawakujenga kanisa lao: Mlutheri alibaki Mlutheri, Mwanglikana alibaki Mwanglikana, wanakutana nyumbani kusoma na kuungama. Walikuwa na maneno yao, "kutembea nuruni" ndilo kubwa. Maana yake ni kutaja dhambi yako kwa jina lake mbele ya wenzako, siyo "nimemkosea Mungu kwa mawazo, maneno na matendo" halafu umekaa. Na walijulikana kwa kurudisha vitu: jembe, kuku, pesa za serikali. Mtu anafika ofisini na senti mkononi, karani hajui aziandike wapi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Kisa nimekipata kwa bibi, aliyekisimulia kila Krismasi mpaka tukawa tunamsaidia maneno.

Babu alibatizwa kijana pale Kidia. Alikuwa mwimbaji, na bibi alisema hakukosa ibada. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kilipakana na cha kaka yake, mpaka ni mstari wa masale, mimea tunayopanda mipakani, kama ilivyo kwetu. Mwaka mmoja mbaya, kaka mtu akiwa ameenda kibarua Tanga, babu aling'oa masale usiku akayasogeza hatua nne upande wa kaka yake, kuanzia barabarani mpaka mfereji. Ndani ya hatua hizo nne kulikuwa na mashina kumi na moja ya migomba na mikahawa kadhaa. Kaka aliporudi aliona, kila mtu aliona, lakini ushahidi ungetoka wapi? Masale hayana muhuri. Wakaacha kusalimiana. Wakawa wanapokea meza ya Bwana kanisa moja, mmoja upande huu, mwingine ule.

Baada ya miaka, ndugu wa Uamsho wakaja kufanya mkutano. Babu alikwenda kusikiliza uimbaji tu. Bibi anasema alirudi hasemi, akakataa kula, akalala kama mtu wa homa. Usiku wa manane akaamka akachukua panga. Bibi akadhani anakwenda kuua. Akamfuata kwa nyuma na mtoto mgongoni, yaani baba yangu. Akamkuta babu amepiga magoti mpakani anang'oa masale kwa mikono, panga ameliweka pembeni, anayarudisha shina moja moja, hatua nne. Mvua inanyesha. Alipomaliza akakata isale moja, akaenda kugonga kwa kaka yake.

Kwa wasio wa huku: isale ni jani la kuombea msamaha. Ukiletewa isale huruhusiwi kukataa, hata kama aliyekuja amekuulia ng'ombe.

Kaka mtu alifungua akamnusa kwanza, akijua amelewa mbege. Hakunusa kitu. Wakasimama mlangoni pale, bibi anasema muda mrefu sana, hakuna aliyejua la kusema, mpaka mke wa kaka akaja na moto kuona nani amekuja usiku vile.

Sasa, babu alikuwa ndugu wa Uamsho, walimuuliza sana tarehe. Alikuwa anajibu, "usiku wa masale". Mwaka alikuwa anachanganya. Bibi alikuwa anasema baba alikuwa hajaota jino, ndiyo hesabu pekee tuliyonayo.

Upepo huvuma upendako, Yohana 3:8, hujui unakotoka wala unakokwenda. Lakini sauti yake waisikia. Kidia ilisikika, asubuhi watu walikuja kuangalia mashimo.

#12 Fundi Pasua

Mtoa mada, hiki kisa kimenifanya nizime mashine ya kuchomelea.

Lakini umekubali bila kujua. Babu yako alibatizwa, aliimba, alishiriki meza ya Bwana, na masale yakabaki pale miaka. Kilichoyang'oa ni kile ninachokisema mimi. Alizaliwa usiku ule.

#13 Binti Kilema

Au tuseme mbegu ilipandwa Kidia akiwa kijana, ikachipua kwa mvua ile. 1 Petro 1:23, "si kwa mbegu iharibikayo, bali kwa ile isiyoharibika." Fundi, mbegu haiwezi kuota kama haikupandwa.

#14 Fundi Pasua

Dada, na mbegu iliyokaa ardhini miaka yote hiyo bila kuota tunaiitaje?

#15 Binti Kilema

Tunaiita subira ya Mungu.

#16 Njoro Barazani

Hapo nimewaelewa wote wawili, na sijui niseme nini. Hilo la kurudisha haki ya watu na sisi tunalo: toba bila kurudisha ulichochukua haijatimia.

#17 Mama Wawili

Mtoa mada, samahani nikuulize kama dada yako. Kule juu umesema mkesha wa Arusha 2016 ulikuwa na jambo lako linakukaba. Umetueleza ya babu vizuri sana. Hilo jambo la kwako lilikuwa nini? Kama haifai, acha.

#18 Kinanda Kimezima

Mtoa mada amepotea siku ya pili hii. Mama Wawili umeua uzi.

#19 Kihamba Tatu (mtoa mada)

Nipo. Sikuwa nimepotea, nilikuwa nafungua naona swali nafunga.

Mama Wawili, umenishika pabaya. Kwa kuwa hapa hatujuani sura, naandika.

Baba alipofariki alituacha wawili, mimi na mdogo wangu anayekaa juu na mama. Mwaka 2013 tulikubaliana tuuze miti ya mbao iliyokuwa bondeni. Mimi ndiye niliyezungumza na mnunuzi kwa kuwa nipo mjini. Tuliuza milioni moja na laki nane. Nikamwambia mdogo wangu ni milioni moja na laki mbili, nikampa laki sita, nikabaki na milioni moja na laki mbili kamili. Nilikuwa nadaiwa kodi ya fremu ya duka. Nilijiambia nitamrudishia laki tatu zake duka likisimama.

Duka likasimama. Sikurudisha. Yeye aliambiwa bei ya kweli na kijana aliyepakia mbao, nami nikakana mbele ya mama. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa sababu ya mama tu.

Hilo ndilo lilikuwa linanikaba 2016. Nilipita mbele Arusha, nikalia kwelikweli, siigizi. Mhubiri akasema ya kale yamepita, tazama yamekuwa mapya, akanukuu 2 Wakorintho 5:17. Nikarudi Moshi mwepesi kama unyoya. Na laki tatu nikawa ninazo kwenye simu wiki ileile, nikanunua nazo mlango wa vioo wa mbele ya duka, ule wa kuvuta.

Kwa hiyo Fundi, sijui tuliite nini lile la kwangu. Sisemi lilikuwa uongo. Kuna usiku bado naukumbuka ule mkesha na moyo unalainika. Lakini mdogo wangu hajausikia upepo wowote.

#20 Fundi Pasua

Mtumishi, hapa sina mstari. Mke wangu aliporudi kutoka Mwika, miezi saba baada ya mimi kuacha, alikaa mwaka mzima ananinusa kila jioni. Nilikuwa naudhika. Kumbe alikuwa na haki yake.

#21 Msafiri wa Ngaramtoni

Laki tatu za 2013 siyo laki tatu za leo, mkuu. Zakayo alisema mara nne.

#22 Kihamba Tatu (mtoa mada)

Msafiri usinitishe 😅 Nimeweka laki sita. Nimempigia jana mara mbili, hakupokea, ameandika tu "niko shamba". Jumapili nikitoka ibada ya kwanza napanda.

#23 Binti Kilema

Nitakuombea kwenye misa. Usipitie kwa mama kwanza, atakuandalia chakula utakaa utasahau.

#24 Mama Wawili

Na isale ubebe. Hapo sokoni Memorial hayapatikani, utayakata wapi?

#25 Kihamba Tatu (mtoa mada)

Mstari wa babu bado upo, kuanzia barabarani mpaka mfereji. Nyumba ya mdogo wangu iko hapohapo chini yake. Nitakata nikiwa nashuka, ila nitakata upande wetu.